Hesabu ya Miche: Maneno kwa Wanafunzi Wanaotafuta Mafunzo ya Nyanjani

Haya ni maneno yaliyotolewa mbele ya wanafunzi na wazazi huko Kapseret na msimamizi wa mafunzo katika shirika dogo la kutunza mazingira.

Naibu chifu ameniomba nisiongee sana kwa sababu mvua ya alasiri hapa kwetu haisubiri mtu. Kwa hivyo nitaziruka salamu na kuanza na swali nililoulizwa na mama mmoja hapo nje nilipokuwa naingia. Aliniambia hivi: "Mtoto wangu nimemlipia karo miaka miwili. Sasa mnataka aje kwenu miezi mitatu apande miti bila mshahara. Kupanda miti, si hata mimi najua?"

Mama, unajua, na pengine unajua kunishinda. Ndiyo maana nataka nikujibu vizuri.

Tuelewane kwanza kuhusu maneno. Mafunzo ya nyanjani, haya ambayo ninyi vijana mnaita atachimenti, ni sehemu ya masomo. Mwanafunzi bado ni wa chuo. Anakuja na barua ya chuo na kitabu cha kumbukumbu za kazi, mhadhiri wake anakuja kumkagua, na mwishowe anapewa alama. Uanagenzi ni wa yule aliyekwisha kuhitimu na anatafuta uzoefu. Mashirika madogo kama letu kwa kawaida hayana mshahara wa kumpa mwanafunzi wa mafunzo. Tukibahatika tunampa nauli na chakula cha mchana siku za kazi ya nje. Nasema hivi mapema ili mzazi apange mapema. Na mtu akikuambia utoe pesa kidogo ili upewe nafasi, chukua barua yako uende zako.

Sasa kuhusu kupanda miti. Miaka kadhaa iliyopita tulipanda miche kando ya kijito kimoja ambacho maji yake yanaingia Sosiani. Mnajua Sosiani haiishii mjini Eldoret. Inaenda hadi Nzoia, na Nzoia inamwaga Ziwa Victoria. Tulipanda mwezi wa Novemba. Watu walikuja wengi, picha zikapigwa, tukarudi nyumbani tumefurahi.

Mei iliyofuata akaja msichana wa mafunzo kutoka chuo kimoja cha hapa karibu. Sikuwa na kazi kubwa ya kumpa, na hilo lilikuwa kosa langu. Nikamwambia avae gambuti, achukue daftari, aende kuhesabu miche iliyo hai. Alirudi siku ya tatu. Iliyokuwa hai haikufika hata theluthi.

Ripoti ya mfadhili ilikuwa inangojewa mwisho wa mwezi huo. Nikamwambia arudie kuhesabu. Na leo nisiwadanganye: sikumrudisha kwa sababu nilidhani amekosea. Nilimrudisha kwa sababu nilitaka nambari nyingine.

Alirudi kule. Safari hii alikuja na karatasi nne alizozichora mistari kwa rula. Hakuhesabu tu. Kwa kila mche uliokufa aliandika kilichouua, pale alipoweza kujua. Mingi ilikuwa imekauka tu. Mingine ililiwa na mbuzi. Mingine ilikwenda na trekta wakati wa kulima, kwa sababu tuliipanda ndani ya shamba la mtu bila kukubaliana naye mpaka uko wapi. Na ipo aliyoing'oa akakuta karatasi ya plastiki ya kitalu bado imeizunguka mizizi. Mtu alikuwa ameitia shimoni na karatasi yake, akafukia, akapigwa picha.

Nilikaa na zile karatasi siku mbili. Kisha tukazipeleka kwa mfadhili jinsi zilivyokuwa. Gharama ilikuwepo. Sehemu ya pesa ilizuiwa mpaka tueleze, na msimu mzima hatukuweza kumlipa mtu wa kitalu. Wenzangu wawili walininunia, na sikuwalaumu.

Lakini tazameni alichotufundisha yule msichana. Novemba! Huku kwetu mvua ndefu huanza Machi au Aprili, na Desemba hadi Februari ni kiangazi. Mche unaotiwa ardhini Novemba una wiki chache tu kabla ya jua kuupiga, labda uwe na mtu wa kuunywesha maji. Tangu nchi iweke lengo la kupanda miti bilioni 15 kufikia mwaka 2032, siku za kupanda zimekuwa nyingi. Tulikuwa na mapumziko ya kitaifa ya kupanda miti tarehe 13 Novemba 2023, na nyingine tarehe 10 Mei 2024. Zote ni siku njema. Ila anayepanda Novemba hapa Uasin Gishu apange na mtungi wa maji.

Wanafunzi wengi wanamjua Profesa Wangari Maathai kwa sababu ya tuzo ya Nobel ya mwaka 2004. Mimi namkumbuka kwa jambo dogo zaidi. Tarehe 5 Juni 1977 yeye na wenzake wa Baraza la Kitaifa la Wanawake walipanda miti saba Kamukunji, Nairobi, na hata hiyo saba si yote iliyopona. Baadaye, Green Belt ilipokuwa ikiwalipa akina mama kitu kidogo, malipo yalikuwa kwa mche uliopona. Kuchimba shimo hakukuwa na malipo. Kwa hivyo lazima mtu fulani aende akahesabu. Kazi ile niliyompa yule msichana kwa sababu sikuwa na nyingine ndiyo ilikuwa kazi yenyewe.

Mwaka uliofuata tulipanda Aprili, miche michache zaidi, na tuliketi na wenye mashamba kwanza. Tuliwaeleza kwamba kanuni za maji za mwaka 2006 zinakataza kulima kando ya mto kwa upana wa kati ya mita 6 na 30. Wazee walituambia wanataka miti gani: tarakwet, tebeswet, septet. Mkaratusi waliukubali kwa ajili ya nguzo, ila juu, mbali na maji, kwa sababu wameona wenyewe chemchemi zikipungua. Hao wazee hakuna aliyewapa cheti. Mwanafunzi anayekuja kwetu anapewa wiki ya kwanza ya kuwasikiliza tu, na wapo wanaolalamika kwamba hawakusomea kusikiliza wazee. Mbuzi, kwa upande wao, bado wanatushinda.

Nirudi kwa mama. Mtoto wako hatakuja kujifunza kuchimba shimo. Atajifunza kujua kama shimo lilikuwa na faida, kuliandika, na kusimama mbele ya bosi wake na karatasi yake mkononi hata bosi akikunja uso. Vijana wengine tunawatuma Langas, kuona jinsi nyumba zinavyotenganisha taka kama Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 inavyotaka. Huko hupigwa na harufu na maswali magumu: natenganisha, halafu gari la kubeba ni lipi? Kijana anaandika swali hilo pia.

Mambo machache ya kushika. Anza kuomba nafasi miezi mitatu kabla, usingoje wiki ya mwisho. Hakikisha chuo kimekupa barua na bima, kwa sababu panga hukata na mto hufurika. Uliza shirika limesajiliwa wapi. Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma ilianza kutumika tarehe 14 Mei 2024, na shirika halali halitaona haya kukuonyesha cheti. Vikundi vya mtaani navyo vina usajili wao. Uliza msimamizi wako atakuwa nani, na kwa wasichana, ulizeni mtakuwa na nani mkienda porini na mtarudi saa ngapi. Mtu mwema hakasirikii swali hilo.

Na siku ya kwanza uliza utafanya kazi gani. Zipo ofisi zinazomweka kijana miezi mitatu akichemsha chai na kutoa nakala, kisha zinajaza kitabu chake kwa maneno mazito. Ukiona wiki mbili zimepita hivyo, mpigie mhadhiri wako. Usingoje siku ya kukaguliwa.

Yule msichana alipomaliza, nilimwandikia barua nzuri, akaondoka. Karatasi zake nne bado ziko ofisini. Kila mwanafunzi mpya tunampa azisome kabla ya kumpa gambuti, kisha anapelekwa kijitoni kuhesabu upya.

Naona wingu limefika upande wa uwanja wa ndege. Wenye maswali waulize sasa, na aliyekuja na barua aniletee hapa mbele kabla hatujalowa.