Kuhifadhi na Kusambaza: Ukuaji wa Kampuni ya Anchor na Hatima ya Sauti za Kiswahili Mtandaoni



Awali ya yote naushukuru uongozi wa Idara kwa heshima ya kunialika kutoa mhadhara huu wa hadhara. Huenda wengi wenu mlitarajia mada ya sarufi au ya ushairi, na badala yake mmetangaziwa habari za kampuni ya biashara. Nitajaribu kuonesha kuwa mada hii haiko mbali na taaluma yetu. Wataalamu wa Kiswahili tumezoea kuuliza nani amesema, amesema nini, na kwa lahaja ipi. Leo napendekeza tuongeze swali la nne: sauti yake inatunzwa na nani?

1. Podikasti na gharama ya kusikika

Podikasti ni mfululizo wa vipindi vya sauti vinavyowekwa kwenye intaneti ili msikilizaji avipate wakati autakao. Msingi wake wa kiufundi ni mlisho wa RSS, yaani faili ya maandishi inayoorodhesha vipindi na kuonesha kila kimoja kilipo. Mwishoni mwa mwaka 2000 Dave Winer aliuongezea mfumo huo uwezo wa kubeba viungo vya faili za sauti. Februari 2004 mwandishi Ben Hammersley alilitumia neno lenyewe katika gazeti la The Guardian la Uingereza, na Juni 2005 kampuni ya Apple ikaingiza podikasti katika programu yake ya iTunes.

Mlisho ni mwepesi, lakini sauti ni nzito. Kipindi cha saa moja kilichobanwa kwa kiwango cha kilobiti 64 kwa sekunde kina ukubwa wa takriban megabaiti 29. Wakikipakua watu 1,000, seva imetoa takriban gigabaiti 29. Miaka ile wenye tovuti walitozwa kwa wingi wa data iliyotoka kwenye seva, hivyo aliyependwa na wengi ndiye aliyeelemewa na gharama. Kampuni ya Libsyn, iliyoanzishwa Pittsburgh, Marekani, mwaka 2004, iliubadilisha utaratibu huo: mtayarishaji alilipa ada ya mwezi kulingana na ukubwa wa faili alizoweka, bila kujali idadi ya wasikilizaji. Ndivyo ilivyoanza biashara ya kuhifadhi na kusambaza podikasti. Mkataba wake ulikuwa wazi: mwenye sauti alilipa, na kampuni ikamtumikia.

2. Anchor: kutoka ada hadi bure

Anchor ilianzishwa jijini New York mwaka 2015 na Michael Mignano na Nir Zicherman. Programu yao ilipotoka mwaka 2016 ilikuwa mahali pa kurushiana sauti fupifupi kwa simu. Mwanzoni mwa mwaka 2018 waliibadili iwe chombo kamili cha podikasti: mtu aliweza kurekodi kwa simu, kuhariri, kuhifadhi bila kikomo, na kusambaza kipindi chake kwenye programu mbalimbali za kusikilizia, vyote bila malipo.

Februari 2019 kampuni ya Spotify ya Sweden ilitangaza kuinunua Anchor, kwa bei ya takriban euro milioni 136. Sababu ya kiuchumi inaeleweka. Muuza muziki hulazimika kuwapa wenye haki za muziki sehemu kubwa ya mapato yake. Maongezi hayadai mrabaha wa namna hiyo, na matangazo ya biashara yanaweza kupachikwa ndani yake. Kwa hiyo kumhifadhia mtu sauti yake bure ilikuwa njia ya kujaza ghala. Ghala lilijaa kweli. Mwishoni mwa mwaka 2019 Spotify ilikuwa na podikasti zaidi ya 700,000. Mwishoni mwa mwaka 2020 zilifika milioni 2.2, na sehemu kubwa ya ongezeko hilo ilitoka Anchor.

Tuwe waadilifu: hili lilikuwa jambo jema. Mwalimu au mwanafunzi asiye na studio wala kadi ya benki alipata njia ya kusikika. Lakini tufuatilie yaliyofuata. Oktoba 2020 ulianzishwa utaratibu wa kuchanganya maongezi na nyimbo kamili; vipindi vya aina hiyo vilisikika ndani ya Spotify tu, wala havikuweza kutoka kwa mlisho kwenda kwingine. Machi 2023 jina la Anchor lilifutwa, na huduma ikaingizwa katika Spotify for Podcasters, ambayo mwaka 2024 iliitwa Spotify for Creators. Mwaka huohuo wa 2024 utaratibu wa kuchanganya muziki na maongezi ulisitishwa. Vyombo vya kurekodi na kuhariri, vile vilivyoipa Anchor sifa, navyo viliondolewa, na watayarishaji wakaelekezwa kwa kampuni nyingine iitwayo Riverside. Kampuni haikuvunja ahadi kwa kufanya hivyo. Ilifuata maslahi yake, kama kampuni yoyote. Asiyelipa hana sauti katika maamuzi ya mwenye ghala.

3. Kiswahili katika ghala la wengine

Februari 2021 Spotify ilifungua huduma zake Kenya, Tanzania na Uganda. Kwetu si mara ya kwanza sauti ya Kiswahili kutunzwa na kampuni ya mbali. Mwaka 1928 Siti binti Saad alisafiri kutoka Unguja hadi Bombay kurekodiwa kwenye sahani za santuri. Sahani zile zilienea pwani nzima, na mtafiti wa leo anayezitafuta hana budi kutegemea kilichohifadhiwa na kampuni na watu binafsi. Kuenea kwake hakukuwa kuhifadhiwa kwake.

Tofauti ya leo ni kwamba santuri ilibaki mkononi mwa mnunuzi hata kampuni ikifa. Podikasti ya kusikilizwa moja kwa moja mtandaoni haibaki mkononi mwa yeyote. Akaunti ikifungwa, na mtayarishaji asiwe na nakala, maongezi yamekwenda.

Liko pia suala la utambulisho. Mlisho wa RSS una sehemu ya kutaja lugha, na kwa Kiswahili huandikwa herufi mbili: sw. Herufi hizo humeza Kiamu, Kimvita na Kimakunduchi pamoja na Kiswahili sanifu cha taarifa ya habari. Kiwango cha ISO 639-3 kina alama swa kwa jumla yake, na chini yake alama mbili tu: swh kwa Kiswahili cha pwani na swc kwa Kiswahili cha Kongo. Kwa mfanyabiashara hizo zinatosha. Kwa mtaalamu wa lahaja hazitoshi hata kidogo: mazungumzo ya bibi wa Makunduchi yanaweza kuwamo katika ghala hilo, naye mtafiti asiyapate kamwe. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

4. Wajibu wetu

Yuko atakayesema kwamba faili iliyonakiliwa kwenye programu nyingi haiwezi kupotea. Hoja hii inachanganya mlisho na sauti. Programu nyingi za kusikilizia hunakili maelezo ya mlisho tu. Sauti yenyewe huvutwa kutoka seva moja, ile ya kampuni inayohifadhi. Seva hiyo ikinyamaza, zote hunyamaza.

Kwa hiyo natoa mapendekezo manne. Kwanza, kila rekodi inayotayarishwa na idara ya Kiswahili iwe na nakala asilia isiyobanwa katika maktaba ya chuo, na kampuni ipewe nakala ya kusambaza tu. Pili, kila rekodi iandamane na maelezo yaliyoandikwa kwa Kiswahili: msemaji, mahali, tarehe, lahaja, na mada. Tatu, mlisho utolewe kwa anwani inayomilikiwa na chuo. Mfumo wa RSS unaruhusu mlisho uhamishwe kutoka kampuni moja hadi nyingine bila msikilizaji kusumbuka, ilimradi anwani iko mikononi mwetu. Nne, idhini ya msemaji iombwe kwa lugha anayoielewa, naye aambiwe wazi kwamba sauti ikishapakuliwa na wengine hairudishwi.

Gharama ya mambo haya ni ndogo. Saa 1,000 za maongezi kwa kiwango nilichotaja hazizidi gigabaiti 29. Hata zisipobanwa, zinaingia katika diski chache za kawaida. Kinachohitajika zaidi ni mtu aliyepewa kazi hiyo, na daftari lisiloachwa wazi.

Hitimisho

Ukuaji wa Anchor ulifungulia milango mamilioni ya watu, na ndani ya miaka 8 tangu kuanzishwa jina lake likafutwa. Lugha yetu ina umri wa karne nyingi. Haifai kuikabidhi kumbukumbu yake kwa mkataba wa muda mfupi namna hiyo. Tuzitumie kampuni hizi kusambaza, kwani kazi hiyo wanaiweza kutushinda. Kuhifadhi ni kazi ya chuo, na wanafunzi mlioko hapa mnaweza kuianza muhula huu, kwa rekodi zilizomo katika simu zenu.