Siku ya Ruhusa na Hamu ya Vitamu

(Maneno yaliyosemwa na mganga mmoja, mwanafunzi wa zamani wa shule yetu, katika mkutano wa mwaka wa chama, kabla ya chakula cha mchana.)



Nimepewa dakika kumi, nami nasimama kati yenu na pilau, kwa hiyo sitawachelewesha. Katibu ameniomba niseme juu ya jambo linalowahusu wengi wetu tulioota mvi. Daktari amekwambia upunguze ugali, wali, chapati na sukari. Umejitahidi wiki tatu, kisha inafika harusi, au sikukuu, au mkutano kama huu. Ufanyeje?

Kupunguza wanga si jambo jipya. Mwaka 1863 William Banting, mtu wa London aliyekuwa na kazi ya kuandaa mazishi, alichapisha kijitabu akieleza jinsi alivyopungua unene kwa kuacha mkate, sukari, viazi na bia. Lakini hakujinyima kila kitu, maana mvinyo wake aliendelea kunywa. Alichagua cha kuacha na cha kubakiza, akashika mpango wake.

Sisi tuliolala bweni twajua maana ya siku ya ruhusa. Ruhusa ilikuwa na siku yake, mahali pake na saa ya kurudi. Aliyetoka kwa ruhusa hakuitwa mtoro. Mtoro alikuwa yule aliyeruka ua, na mara nyingi, kwa kuwa alikwisha kosa, alikaa huko huko mpaka usiku.

Mlo wa sikukuu nao uwe na utaratibu huo. Amua kabla hujafika mezani: nitakula sahani moja ya pilau, au kipande kimoja cha keki, si vyote viwili na soda juu yake. Tena ruhusa iwe ya mlo mmoja, isiwe ya siku nzima, kwa sababu ruhusa ya siku nzima huanza na maandazi ya asubuhi na kuendelea kesho yake kwa viporo. Na saa ya kurudi ni mlo unaofuata. Si Jumatatu, wala si mwezi ujao.

Wengi hukata tamaa kwa sababu ya mzani. Mwili wa mtu mzima huweka akiba ya sukari katika ini na misuli, yapata gramu 500, na kila gramu hushikana na gramu 3 hivi za maji. Ukipunguza wanga, akiba hupungua na maji yake huondoka. Ndiyo maana wiki ya kwanza mzani hushuka upesi. Ukila karamu, sehemu ya akiba hurudi pamoja na maji yake, na asubuhi unaweza kuona kilo moja au zaidi imeongezeka. Sehemu kubwa ya hayo ni maji, si mafuta, nayo huondoka ukirudi kwenye chakula chako. Asiyejua hilo husema, "Kazi yote imeharibika," akaacha kabisa. Basi, kinachomharibia si ile sahani, bali ni kukata tamaa.

Hamu ya vitamu nayo ina dawa zake. Kwanza, usishinde na njaa ili ujibakizie nafasi ya karamu, kwani mwenye njaa hachagui. Pili, mezani anza na mboga za majani, nyama, samaki au mayai, wanga uje mwisho. Kwa njia hiyo sukari ya damu hupanda polepole zaidi. Tatu, ukimaliza, tembea kidogo. Nne, punguza sukari ya chai nusu kijiko kila baada ya siku chache, ulimi huzoea. Tano, usijidanganye na asali au sukari guru, kwa kuwa mwili huzipokea kama sukari nyingine.

Sasa nawaomba mnisikilize vizuri, hasa wenye kisukari. Anayetumia insulini au vidonge kama glibenklamidi asipunguze wanga kwa ghafla bila kuonana na daktari wake, maana dawa ile ile inaweza kuishusha sukari mno. Wala asijiongezee dawa kwa sababu amekula keki. Dalili za sukari kushuka ni kutetemeka, jasho, moyo kwenda mbio na kuchanganyikiwa. Hapo sukari ndiyo dawa: mpeni vijiko vya chai 3 au 4 vya sukari katika maji, kisha mpime tena baada ya dakika 15. Akiwa amezimia, msimtie kitu mdomoni, mkimbizeni hospitali. Wake zetu na watoto wetu walijue hili, kwa sababu mgonjwa mwenyewe huenda asiweze kusema.

Ninyi vijana, msiige mlo wetu wazee. Mnakua, mnasoma na kucheza mpira. Ugali wenu na maharage ni haki yenu. Ninalowaomba ni soda tu. Soda ya mililita 300 huwa na sukari ya vijiko vya chai 8 hivi, na Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, lilisema ingefaa mtu asizidi kama vijiko 6 kwa siku nzima. Soda iwe ya siku ya ruhusa, maji yawe ya kila siku.

Ndugu zangu, wazee walisema tamaa mbele, mauti nyuma. Ni kweli, lakini hofu peke yake haijamshibisha mtu. Aliyepanga kula pilau leo na ale kwa furaha, aongee na wenzake, na jioni arudi kwenye mchicha wake bila kujilaumu.