Hotuba: Msiba Huzaa Msiba



Twadhani kwamba msiba ukipita, yamekwisha. Sivyo. Sotoka iliingia Afrika Mashariki yapata mwaka 1890, ikaangamiza ng'ombe. Zikafuata njaa na ndui, watu wakafa. Penye watu wachache hapakuwa na mikono ya kufyeka wala mifugo ya kula majani. Pori likasitawi, mbung'o wakaingia, nao kwa nagana na malale wakawazuia watu kurudi. Basi msiba ulipunguza watu, na upungufu wa watu ukaleta msiba mwingine.

Sotoka ilitangazwa kutoweka duniani mwaka 2011. Fundisho lake halikutoweka. Sisi makarani tuandikao hesabu, baada ya maafa tusihesabu waliokufa tu. Yatupasa kuuliza: waliosalia, je, watosha kuilima nchi yao?