Sikio Nalo Lina Sauti

(Mada fupi iliyotolewa kwa vijana baada ya Tarawehe)



Ndugu zangu, wazazi wetu, na dada zetu mlioko upande ule, nitasema machache maana najua daku inawangoja. Nilipolisoma jambo hili chuoni sikuliamini: sikio halisikii tu, linatoa sauti.

Msicheke. Mwaka 1948 mwanasayansi Thomas Gold alisema sikio si ngoma inayongoja kupigwa, bali lina nguvu yake ndani inayokuza sauti. Wakampuuza. Miaka 30 ikapita. Mwaka 1978, kule London, David Kemp akatia maikrofoni ndogo kwenye tundu la sikio, akapiga mlio mfupi, na sikio likajibu! Vinavyojibu ni vijichembe vyenye vinyweleo, kama 12,000 katika kila sikio, ndani ya kile kijumba kilichojipinda kama konokono. Vikipokea sauti hucheza, na mtikisiko wake hurudi nje, hafifu mno. Ndicho kipimo wanachopimiwa watoto wachanga katika hospitali nyingi duniani. Mtoto hajui kusema "nasikia", basi sikio lake huulizwa lenyewe.

Sasa, majibu ya masikio hayafanani. Langu na lako mbalimbali. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Southampton, Uingereza, ambao habari zao zilitoka 2009, wakajiuliza: mbona simu isimtambue mwenyewe kwa sikio? Unaiweka sikioni, inalia kidogo, sikio linajibu, benki inajua ni wewe. Mwizi aliyeiba simu pamoja na nambari ya siri atafanyaje?

Wallahi nilifurahi, kwa sababu ya nyanya yangu. Amekuna nazi na kusuka makuti maisha yake yote, vidole vimelika. Siku moja nilimpeleka ofisi fulani, siitaji, achukuliwe alama. Kidole cha kwanza mashine ikakataa. Cha pili ikakataa. Mpaka vikaisha vyote kumi. Kijana wa pale akamwambia, "Nyanya, wewe huna alama." Akacheka, lakini njia nzima hakusema neno.

Nikasema basi, sikio litamwokoa. Nikaendelea kusoma. Kumbe vile vijichembe vikifa havioti tena. Uzee huvimaliza, na kelele pia. Hata nta ikiziba, au sikio likiugua, jibu hupotea. Na nyanya siku hizi husikia kwa taabu, mpaka umkaribie. Likiulizwa sikio lake huenda likanyamaza, na mashine itamwambia mara ya pili kwamba yeye si yeye. Nanyi mnaoshinda na spika za masikioni, sauti juu kabisa, mnajifutia alama hiyo mkiwa na miaka 20!

Halafu kuna hili. Nambari ya siri ikiibwa utaibadilisha. Sauti ya sikio lako ikinaswa na mtu, utabadilisha sikio?

Sisemi elimu hii ni mbaya. Humu ndani wamo wanaosomea kompyuta, na siku moja mtaziunda mashine hizi nyinyi. Mkiziunda, wekeni na mlango wa pili, hata kama ni karani tu anayemjua mtu kwa uso na jina la baba yake.

Nyanya mwenyewe yuko upande wa kina mama, karibu na nguzo. Nilimwambia nitamtaja leo. Sijui kama amesikia.