Tairi Kubwa na Mshale wa Spidi

Mshale wa spidi kwenye dashibodi hauipimi barabara. Kinachohesabiwa ni mizunguko tu: katika magari ya zamani, ya gia ndogo ya plastiki iliyo kwenye gia boksi, katika ya sasa, ile inayosomwa na sensa. Kiwanda ndicho kilichopanga kila mzunguko uwe mwendo gani. Tairi likibadilishwa ukubwa, mshale hauna habari.

Tairi la 195/65R15 limezoeleka kwenye magari madogo ya Kijapani. 195 ni upana kwa milimita, kimo cha ubavu ni asilimia 65 ya upana huo, na 15 ni inchi za rimu. Mbavu mbili zikijumlishwa na rimu, kipenyo ni takriban milimita 634. Likizunguka mara moja, gari limesogea sentimita 199. Aliyeinua gari lake akafunga 215/65R16 anasogea 215 kwa mzunguko uleule. Hiyo ni ziada ya asilimia 8. Mshale ukisoma 50, gari limefika 54, na tochi ya trafiki haiangalii dashibodi. Kilomita nazo zinapunjwa: mita ikifikia 5,000 za kumwaga oili, gari limeshatembea 5,400. Ndiyo maana gari la tairi kubwa husingiziwa kunywa mafuta.

Hata hivyo, viwanda vingi huutia mshale chumvi kidogo. Kanuni namba 39 ya Umoja wa Mataifa inakataza mshale kusoma chini ya mwendo halisi, lakini inaruhusu kuzidisha kiasi. Tofauti ndogo ya tairi humezwa humo, kwa hiyo kupima kunatangulia kurekebisha.

Kipimo rahisi ni chaki. Upepo ukiwa sawa na dereva ameketi, alama huwekwa kwenye tairi na chini, gari likasukumwa mzunguko mmoja kamili, kisha futikamba ikatumika. GPS ya simu, katika barabara iliyonyooka na mwendo usiobadilika, huthibitisha.

Kwenye gari la zamani, fundi hubadilisha gia ya plastiki. Tairi kubwa linataka gia inayoendesha waya wa mshale iwe na meno machache zaidi. Kwenye gari la kompyuta, ukubwa wa tairi huingizwa kwa mashine ya gereji, pale gari linaporuhusu. Lisiporuhusu, hufungwa kifaa kidogo cha kurekebisha mawimbi ya sensa.

Anayetaka rimu kubwa bila usumbufu huo hupunguza ubavu. 205/55R16 ina kipenyo cha milimita 632, na mshale hauhitaji kuguswa.