Ikulu za zamani, na sisi tungekuwa nani?



Juma hili nimerudi kutoka nyanda za juu, na viatu vyangu bado vina vumbi la Makambako. Nilikwenda kumchukua mjukuu wangu, mwanafunzi wa darasa la sita, ambaye shule zikifungwa hukaa kwa shangazi yake Njombe. Mtoto huyu amekwisha kuona kwenye televisheni majumba ya wafalme wa Ulaya, yale ya taa za vioo na ngazi za marumaru. Basi jioni moja tukiota moto, maana Njombe bila moto hakulaliki, akaniuliza: "Babu, wafalme wetu walikaa wapi? Twende tukaone."

Swali zuri. Neno lenyewe "ikulu" tunalolitamka kila siku ni la Wanyamwezi, nalo lilikuwa makao ya mtemi zamani sana kabla halijawa jumba la Magogoni. Kwa hiyo ikulu tulikuwa nazo. Nikamwambia haya, twende.

Tukashuka Makambako, pale njia panda ya Songea, tukapanda basi la Iringa, na kutoka Iringa tukafika Kalenga, makao ya Mtwa Mkwawa wa Wahehe. Mtoto akavunjika moyo mara moja. Yako wapi majumba? Pana makumbusho madogo, pana fuvu la Mtwa ndani ya kioo, pana masalio ya ukuta. Ikabidi nimweleze. Wahehe walijenga tembe, yaani nyumba za miti na udongo, paa lake tambarare, nalo la udongo pia. Nyumba ya namna hiyo ikikosa mwenyewe, mvua za miaka michache tu zinatosha. Mkwawa aliwapiga Wajerumani pale Lugalo tarehe 17 Agosti 1891, kamanda wao Zelewski akafa, naye akajua kwamba watarudi. Wakarudi na mizinga, na tarehe 30 Oktoba 1894 Kalenga ikaanguka. Mtwa akapigana porini karibu miaka minne, mpaka alipojipiga risasi Julai 1898 asikamatwe. Kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Ujerumani, na fuvu hilo lilirudishwa Juni 1954, Gavana Twining akimkabidhi mjukuu wake, Chifu Adam Sapi, ambaye baadaye alikuwa Spika wa Bunge letu.

Hayo mtoto alikuwa amesoma shuleni. Alichotaka ni kuiona ikulu ikiwa hai. Basi tukakaa chini ya mti, nikamwambia afumbe macho. Nikampigia picha ya asubuhi ya Kalenga: moshi unapanda juu ya tembe, ng'ombe wanatolewa zizini, vijana wa vita wanasugua mikuki. Wafanyabiashara wa pwani wamekaa kivulini na mizigo ya nguo na baruti, wanangoja kuitwa, maana pembe za ndovu ni mali ya Mtwa na hakuna wa kuziuza bila yeye. Wazee wa baraza wamekwisha kuketi. Nilikolea mno, nakiri. Sauti yangu ilikuwa imekuwa ya mshauri mkuu.

Mtoto akafumbua macho. "Babu, na sisi tungekaa wapi?"

Nilitaka kujibu, "Pale karibu na Mtwa." Maneno yakakwama kooni. Sisi ni Wabena. Jina Mkwawa ni kifupi cha Mkwavinyika, na maana yake ni mteka nchi. Nchi hizo alizoziteka, ndugu wasikilizaji, hazikuwa za Wajerumani. Zilikuwa za majirani, na sehemu ya Ubena ilikuwamo. Babu zetu walikaa katikati, Wahehe kaskazini na Wangoni kusini, na kila upande ulipohitaji ng'ombe au watu ulijua pa kwenda.

Nikamkumbuka bibi yangu mzaa mama, aliyekuwa akikaa kijiji kimoja kati ya Makambako na Njombe. Mama yake alitekwa akiwa binti mdogo, akapelekwa kusaga ulezi kwenye ikulu ya mtwa mmoja. Bibi hakututajia ni mtwa gani. Nadhani hakuona kwamba jina hilo lina faida yoyote kwetu. Alichotueleza ni kwamba mama yake alikaa humo miaka kadhaa, na katika miaka hiyo yote hakuuona uso wa mtwa. Aliiona miguu yake. Aliyepeleka chakula hakuinua kichwa. Mpaka anakufa alikuwa akiikumbuka miguu ile, na bangili za shaba juu ya kifundo, na ubaridi wa jiwe la kusagia alfajiri.

Hiyo ndiyo habari pekee ya ndani ya ikulu iliyomo katika ukoo wetu. Nikamweleza mtoto, pale pale Kalenga, fuvu la shujaa likiwa nyuma yetu. Nami namheshimu Mkwawa, mtu asinielewe vibaya. Aliwakatalia wageni pale wengine waliposalimu amri. Lakini unga wa ikulu ulisagwa na mtu.

Wenzetu wa Unguja wana bahati moja. Binti wa Sayyid Said, Salme, aliyezaliwa kasri la Mtoni mwaka 1844, aliandika maisha ya humo ndani katika kitabu kilichotoka Ujerumani mwaka 1886. Anaeleza mabustani, mahamamu, na umati wa watu waliojazana katika kasri moja. Watu wengi humsoma kwa ajili ya dhahabu na hariri. Mimi hukwama alipoeleza habari za mama yake mzazi, Mcherkesi aliyetekwa vitani akiwa mtoto, akauzwa, akaishia kuwa suria wa Sultani. Kumbe hata juu kule, kwenye mazulia, alikuwapo aliyeletwa kwa nguvu.

Tuliporudi Njombe tulimuulizia Mbeyela, mtwa wa Wabena ambaye watu wake waliishambulia misheni ya Yakobi Septemba 1905, wakati wa Maji Maji. Jina lake liko kwenye shule. Ikulu yake hakuna aliyetuonyesha hata kiguzo. Mzee mmoja, baada ya kamwene nyingi na kikombe cha ulanzi, alicheka: "Mnatafuta alikokaa mtwa? Tafuteni walikojificha watu." Alikuwa na maana ya Nyumba Nitu, nyumba nyeusi, ule msitu wenye mapango ambamo, kama wazee wanavyosimulia, akina mama na watoto walijificha vita vilipopita. Wabena wanauheshimu hadi leo, na hapaingiwi ovyo.

Mtoto anataka kwenda huko likizo ijayo. Shangazi yake amekataa, anasema kuna baridi na nyoka. Mimi sijasema kitu. Ila nilipokuwa nafunga mizigo nilimkuta jikoni na jiwe la kusagia la marehemu bibi, ambalo siku hizi linazuia mlango usipigwe na upepo. Alikuwa amepiga magoti, anajaribu kusaga punje za mahindi, kichwa ameinamisha. Baada ya dakika chache akasema mgongo unauma.

Juma lijalo, Mungu akitujalia, nitazungumzia gunia la viazi la Makambako, lile linaloitwa lumbesa, na nani hasa anayelipa ile nundu ya juu. Kwaherini.