Matembezi ya Siku Moja katika Msitu wa Karura



Kaskazini ya jiji la Nairobi, kati ya barabara ya Limuru na barabara ya Kiambu, uko msitu wa Serikali uitwao Karura. Ukubwa wake wapita hekta 1,000, nao ulitangazwa kuwa msitu wa Serikali mwaka 1932. Mtu aliye mjini aweza kuingia asubuhi, akafika kwenye kidimbwi cha mayungiyungi, akapumzika, na kurudi kwake kabla ya jua kutua.

Yafaa msafiri avae viatu imara na achukue maji ya kunywa pamoja na chakula kidogo. Langoni hulipa ada, kisha hufuata njia. Kwenye njia panda kuna vigingi vyenye namba. Azishike namba hizo, wala hatapotea.

Mwanzoni huenda akaona mikaratusi iliyopandwa kwa safu. Miti hiyo ilipandwa zamani ili kuni zake ziendeshe magari ya moshi ya reli. Lakini akiingia ndani zaidi atakuta miti ya asili, kama vile mkinduri, na muhugu ambao mti wake hupendwa sana na wachongaji wa vinyago. Akitembea kimya aweza kumwona kima, pongo, au mbega mwenye manyoya meusi na meupe. Pia yako maporomoko ya maji ya mto Karura, na karibu nayo mapango ambayo husemwa kwamba wapiganaji wa Mau Mau walijificha humo katika miaka ya 1950.

Kidimbwi chenyewe hakina makuu. Maji yametulia, majani ya mayungiyungi yameyafunika, na ndege hutua pembeni. Hata hivyo chafundisha jambo kubwa. Mvua inyeshapo msituni, majani huvunja nguvu zake, na udongo wenye mizizi huyanywa maji na kuyaachilia polepole. Mvua hiyo hiyo ikinyesha juu ya mabati na lami hukimbia mara moja, ikaleta mafuriko, na baadaye mito ikakauka.

Na msitu huu ulikuwa karibu kupotea. Katika miaka ya 1990 sehemu zake ziligawiwa watu kwa siri ili wajenge nyumba. Profesa Wangari Maathai na wenzake walipinga. Tarehe 8 Januari 1999 walikwenda kupanda miche, wakashambuliwa na walinzi, naye akajeruhiwa kichwani. Hawakurudi nyuma, mwaka huo huo Serikali ilipiga marufuku kugawa ardhi ya umma. Mwaka 2004 Profesa Maathai alipewa Tuzo ya Amani ya Nobel.

Hata baada ya hapo watu wengi waliogopa kuingia Karura kwa sababu ya wanyang'anyi. Ndipo maofisa wa misitu na wakazi wa jirani walipoungana, uzio wa umeme ukajengwa, na vijana wa vijiji vilivyo karibu wakaajiriwa kuulinda msitu ambao zamani waliuendea kutafuta kuni tu. Siku hizi wazee kwa watoto hutembea humo.

Basi kila aendaye kidimbwini na ajue wajibu wake. Asiwashe moto ovyo, asikate mti, asiwalishe kima, wala asiache karatasi au chupa nyuma yake. Na wazazi wawachukue watoto wao, wawaonyeshe maji yale na kuwaeleza yaliyotendeka mwaka 1999. Mali ya umma haina mlinzi mwingine kuliko umma wenyewe. Na mtoto asiyeujua msitu hatakuwa na sababu ya kuutetea siku wanyakuzi watakapokuja tena.